Redio ya gari inapopiga mluzi: Usinunue chochote kabla ya kupima

WENYE magari wengi nchini wanaifahamu hali hii. Redio mpya imetiwa, amplifaya imefungwa ndani ya buti, spika zimebadilishwa na pesa zimetoka. Injini ikiwa imezimwa, muziki unatoka safi. Mara tu injini inapowashwa, mluzi mwembamba unajipenyeza katikati ya wimbo, na kila dereva anapokanyaga mafuta mluzi nao unapanda, akiachilia, unashuka.

Anayerudi kwa fundi na lalama hiyo aghalabu hupewa jibu moja kati ya matatu. Ataambiwa redio ni feki na hana budi kununua nyingine, au atauziwa kijisanduku cha kuchuja kelele, au ataelezwa kwamba magari kutoka Japani ndivyo yalivyo na kwamba masikio yake yatazoea. Majibu yote matatu yana kasoro moja: hutolewa kabla ya mtu yeyote kupima lolote.

Kelele za umeme katika gari hazitokei ovyo. Zina chanzo, zina njia zinayopitia na zina tabia, na tabia hiyo ndiyo inayozifichua. Mwenye gari anayejua kusikiliza anaweza, kwa muda wa nusu saa na bila kutoa hata shilingi, kubaini kasoro iko upande gani. Isitoshe, baadhi ya kelele hizo hazihusu muziki hata kidogo. Ni ishara kwamba alteneta imeanza kufa, au kwamba kuna waya unaopata moto mahali pasipoonekana.

MLUZI UNATOKA WAPI

Alteneta ni mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini ili kuzalisha umeme wa kuchaji betri na kuendesha vifaa vya gari. Umeme unaozaliwa ndani yake si ule ulionyooka kama wa betri. Ni umeme unaogeuza mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, katika awamu 3. Kwa hiyo ndani ya alteneta mna dayodi, kwa kawaida 6, ambazo kazi yake ni kama ya bawabu: huruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Kinachotoka ni umeme wa kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi, unaofanana na ule wa betri, ila una mawimbi madogo juu yake, mfano wa barabara ya lami yenye matuta ya karibu karibu.

Tuchukue gari dogo ambalo injini yake inazunguka mara 800 kwa dakika likiwa limesimama. Puli ya alteneta ni ndogo kuliko ya injini, hivyo alteneta yenyewe yaweza kuzunguka kama mara 2,000. Iwapo ina jozi 6 za ncha za sumaku, jambo ambalo ni la kawaida katika magari madogo, mawimbi hayo yatakuwa kama 1,200 kwa sekunde. Injini ikifika mizunguko 2,400, mawimbi yanakuwa 3,600. Idadi zote mbili ziko ndani ya upeo wa sikio la binadamu, tena katika sehemu ambayo sikio ni jepesi mno. Ndiyo sababu mluzi unaufuata mguu wa dereva.

Ni muhimu ieleweke kwamba mawimbi hayo yamo katika kila gari, liwe jipya au kuukuu. Betri huyameza kwa sehemu kubwa, na redio nzuri huyazuia mengi ya yale yanayosalia. Kwa hivyo swali la kuuliza si iwapo alteneta inatoa mawimbi, bali ni mlango upi yaliouingilia hadi kufika kwenye muziki. Na katika magari yaliyoongezwa amplifaya, mlango huo kwa kawaida ni ethi.

WAYA MWEUSI USIOHESHIMIWA

Mafundi wetu huita ethi ule waya mweusi unaotoka kwenye kifaa na kufungwa kwenye bodi ya gari. Umeme wa gari hutoka kwenye ncha chanya ya betri kwa njia ya waya, ukafanya kazi katika kifaa, kisha ukarudi kwenye ncha hasi kupitia mabati ya bodi yenyewe. Waya wa chanya huheshimiwa na kila mtu kwa sababu ukigusa bodi hutoa cheche. Ethi haitoi cheche, na labda ndiyo maana hufungwa popote penye skrubu.

Hapo ndipo hesabu ndogo inapohitajika. Amplifaya ya wastani inaweza kuvuta mkondo wa ampea 40 muziki unapopigwa kwa sauti kubwa. Ikiwa pale ethi ilipofungwa pana rangi, kutu au skrubu iliyolegea, ukinzani wake waweza kuwa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kukionyesha. Zidisha 40 kwa 0.01 upate volti 0.4. Maana yake ni kwamba bodi ya amplifaya imeinuka volti 0.4 juu ya pale inapodhani ni sufuri, na kiwango hicho kinapanda na kushuka pamoja na mawimbi ya alteneta na midundo ya besi.

Volti 0.4 zinaweza kuonekana si kitu. Lakini muziki unaotoka kwenye redio kwenda kwa amplifaya, kupitia zile nyaya za RCA zenye vichwa vyekundu na vyeupe, kwa kawaida haupiti volti 2 hata sauti ikifunguliwa sana. Ikiwa chini, huwa ni sehemu ndogo tu ya volti. Kelele zina nguvu karibu sawa na wimbo.

Sasa tazama njia zinayopitia. Kila waya wa RCA una nyuzi za ndani zinazobeba muziki, na ganda la nje lililounganishwa na ethi. Redio imefungwa ethi yake kwenye dashibodi, na amplifaya imefungwa ya kwake ndani ya buti, mita 3 au 4 nyuma. Ethi hizo mbili zikitofautiana, umeme wa gari hutafuta njia ya kusawazisha tofauti hiyo, na ganda la RCA ni njia iliyo wazi. Umeme wa alteneta hupita katika waya uleule unaobeba wimbo. Amplifaya haina uwezo wa kujua kipi ni wimbo na kipi ni mluzi, hivyo hukuza vyote viwili.

Tiba yake ni ya kazi ya mikono kuliko ya pesa. Rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae. Waya uwe mfupi, usipite nusu mita, na unene wake uwe sawa na ule wa chanya. Ufungwe kwa bolti na nati yenye washa ya meno, kwenye bati la bodi lenyewe, si kwenye kipande kilichoshikiliwa kwa gundi au skrubu za plastiki. Bolti za kiti na za mkanda wa usalama zisiguswe. Hupendwa na mafundi kwa kuwa ziko karibu, lakini nyingi zimepakwa rangi au gundi ya kuzuia kulegea, na si busara kuchezea kitu kinachotarajiwa kumshikilia mtu wakati wa ajali. Amplifaya zikiwa mbili, zote zifungwe mahali pamoja.

Kuna mita ya kuthibitisha haya. Weka mita ya umeme kwenye volti za betri, ncha moja iguse terminali ya ethi ya amplifaya, na nyingine, kwa waya mrefu, iguse ncha hasi ya betri. Washa injini na upige muziki kwa sauti ya juu. Mita ikisoma chini ya volti 0.1, ethi ni nzuri. Ikifika 0.5, usihangaike kutafuta kwingine.

JINSI YA KUFUATA KELELE

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza mambo mawili.

Kwanza, ongeza na upunguze sauti ya redio. Kelele zikipanda na kushuka pamoja na sauti, zinaingia kabla ya kifundo cha sauti, yaani kwenye antena, simu, au ndani ya redio yenyewe. Zikibaki palepale hata sauti ikifungwa kabisa, zinaingia baada ya hapo: kwenye nyaya za RCA, amplifaya au spika. Kipimo hiki kimoja huondoa nusu ya mashaka, na inashangaza ni mara ngapi hakifanywi.

Pili, badilisha chanzo cha muziki. Toka kwenye stesheni ya FM uende kwa kijiti cha USB au Bluetooth. Kelele zikitoweka, suala ni la antena na mawimbi ya hewani, nalo tutalifikia.

Iwapo kelele haziathiriwi na kifundo cha sauti, zima redio na amplifaya, kisha uchomoe nyaya za RCA kwenye amplifaya. Usizichomoe vifaa vikiwa vimewashwa. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo kama punje ya mchele kwenye ethi ya RCA, ambayo huungua mara moja umeme wa amplifaya unapokosa njia nyingine ya kurudi. Ikiungua, redio itapiga mluzi daima, hata ihamishiwe gari jingine, na hapo ndipo mtu husema redio ni feki ilhali imeharibiwa mikononi mwa fundi. Dalili yake hujulikana kwa kuunganisha kwa muda waya kutoka ganda la nje la RCA hadi kwenye bodi ya chuma ya redio. Mluzi ukikoma, punje hiyo imeungua, na fundi wa elektroniki aweza kuibadilisha bila redio kutupwa.

Turudi kwenye amplifaya. Nyaya za RCA zikiwa zimetoka, iwashe tena. Pakiwa kimya, amplifaya na spika hazina hatia. Kelele zikiendelea, tazama ethi ya amplifaya na umeme unaoingia. Kisha tenganisha waya mmoja mmoja wa spika ukitafuta ulioguswa na bati. Kwenye bawaba za mlango ndipo nyaya hubanwa na kuchubuka.

Hatua inayofuata ni kuunganisha simu, ikiwa kwenye betri yake yenyewe bila chaja, moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mfupi. Muziki ukitoka safi huku injini ikiwa inaunguruma, kasoro iko kwenye redio au kwenye zile nyaya ndefu za RCA. Tandaza nyaya nyingine za RCA juu ya viti, si chini ya zulia, na uunganishe tena. Mluzi ukitoweka, nyaya za zamani zimebanwa, au zimelazwa sambamba na waya mkubwa wa umeme. Waya wa umeme upitie upande mmoja wa gari na RCA upande wa pili, na pale zinapolazimika kukutana zikatizane mithili ya msalaba.

Mvumo wa daima kama wa upepo, usiobadilika injini ikiwaka au ikizimika, hautokani na umeme wa gari. Ni kifundo cha unyeti cha amplifaya kilichofunguliwa hadi mwisho. Wengi hudhani kifundo hicho ni cha kuongeza nguvu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio: weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, fungua kifundo polepole hadi muziki uanze kukwaruza, kisha urudishe nyuma kidogo.

Sauti ya tiki-tiki-tiki inayoongeza kasi pamoja na injini ni ya mfumo wa cheche. Injini ya petroli ya silinda 4 hutoa cheche 2 katika kila mzunguko, na kila cheche ni kama kijistesheni cha redio. Plagi nyingi za kisasa zina kinzani ndani yake ya kupunguza kero hiyo. Katika plagi za NGK, kwa mfano, huonyeshwa kwa herufi R katika namba kama BKR6E. Mtu akibadilisha plagi kwa kuangalia bei tu, tiki-tiki huja siku hiyohiyo. Gari la dizeli halina plagi za cheche, kwa hivyo huko atafute kwingine.

Kuna pia mlio wa dididi-dididi unaotangulia simu kuita. Huo ni wa simu inayotumia mtandao wa kizazi cha pili, ambayo hutuma mawimbi kwa vipindi vifupi vifupi, zaidi ya 200 kwa sekunde. Iondoe simu karibu na redio na nyaya zake.

Na mluzi unaosikika tu simu inapochajiwa kwenye gari huku imeunganishwa na redio kwa waya ni ule ugonjwa wa ethi mbili kwa sura nyingine: simu imepata ethi kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa muziki. Chomoa chaja usikie tofauti. Hapa kile kijisanduku cha kutenganisha ethi, chenye transfoma ndogo ndani, kina kazi halali, ijapokuwa kutumia Bluetooth hugharimu kidogo zaidi, yaani hakuna.

MATATU NA VOLTI 24

Kwa wenye matatu, muziki ni sehemu ya biashara. Kijana anayesubiri gari la kwenda Ongata Rongai yuko tayari kuacha gari tupu lipite akingoja lenye spika nzuri. Lakini matatu kubwa za abiria 33, ambazo nyingi zimejengwa juu ya lori dogo la Isuzu, hutumia umeme wa volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, ilhali redio, skrini na amplifaya hutengenezwa kwa volti 12.

Njia ya mkato inayotumika ni kuchomeka waya katikati ya betri hizo mbili na kuchukua volti 12 kutoka betri moja. Kelele zinaweza zisisikike kabisa, na hapo mwenye gari hufurahi. Baada ya miezi michache betri moja huwa imechoka, kwa kuwa ndiyo inayobeba muziki wote, na nyingine huwa imechajiwa kupita kiasi, kwani alteneta huzichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa. Mwenye gari hununua betri mpya, huilaumu ile ya zamani, na mchezo huanza upya.

Njia sahihi ni kutumia kibadilishi cha kushusha volti 24 hadi 12, lakini nacho kina masharti. Vibadilishi hivi hukatakata umeme kwa kasi kubwa ili kuushusha, na vile vya bei ya chini huacha mabaki mengi ya kelele kwenye umeme vinaotoa. Kinachopaswa kununuliwa ni kile chenye ampea zaidi ya jumla ya zile zinazohitajika, na kifungwe mbali na redio na nyaya za RCA. Kelele za kibadilishi hutambulika kwa kuwa hazifuati mguu wa dereva: zipo injini ikiwa imezimwa, na hubadilika muziki unapopanda.

FM NA REDIO ZA JAPANI

Magari mengi yanayoletwa nchini ni mitumba kutoka Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya huko. FM ya Japani ilianzia 76 hadi 90, na katika miaka ya 2010 ikaongezwa hadi 95. Ya kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Ili kuziba pengo hilo, hufungwa kijisanduku kati ya antena na redio ambacho huyashusha masafa. Kikiwa ni cha kushusha 18, Capital FM inayosikika Nairobi kwenye 98.4 hujitokeza kwenye 80.4.

Kifaa hicho si kibaya, ila kina udhaifu wa aina mbili. Stesheni yenye nguvu iliyo kwenye 89 inaweza kupenya bila kushushwa na kugongana na ile ya 107 iliyoshushwa hadi 89, na msikilizaji akasikia watangazaji wawili wakizungumza kwa wakati mmoja. Aidha, kijisanduku chenyewe kinahitaji umeme na ethi. Kikiachwa kining'inie nyuma ya redio kwa waya mwembamba uliosokotwa na kufungwa kwa utepe, huwa mlango wa mluzi wa alteneta kuingia kwenye FM pekee. Ndiyo maana kipimo cha kubadilisha chanzo cha muziki kina maana kubwa kwa magari haya.

Anayeing'oa redio ya Japani na kutia nyingine hukumbana na jambo jingine. Magari mengi ya huko yana antena ndani ya kioo cha nyuma, na antena hiyo ina kikuza mawimbi kidogo kinachopewa umeme na redio, mara nyingi kupitia waya wa buluu. Waya huo usipounganishwa kwenye redio mpya, stesheni zote huwa na mkwaruzo, hata zile za karibu. Redio hulaumiwa, hubadilishwa, na ya pili ikakwaruza vilevile.

Taa mpya za LED, chaja za simu zinazochomekwa kwenye kiberiti cha gari na kamera za dashibodi ni wachafuzi wengine wa FM. Zote zina saketi za kukatakata umeme kama kile kibadilishi cha matatu. Tafuta stesheni dhaifu kidogo, kisha uwashe na kuzima kimoja baada ya kingine. Mkosaji hujitaja.

KELELE ZA KUOGOPWA

Dalili ya mvua ni mawingu. Mluzi ambao haukuwapo mwaka mzima, ukaanza wiki hii bila mtu kugusa nyaya, usichukuliwe kuwa suala la muziki. Dayodi moja kati ya zile 6 ikifa, mawimbi ya alteneta huwa makubwa na mazito, na mluzi hugeuka kuwa mngurumo. Taa za mbele zaweza kucheza kidogo. Alteneta huendelea kuchaji kwa nguvu pungufu, na taa ya betri kwenye dashibodi yaweza isiwake. Dayodi inayovuja nayo hunyonya betri usiku kucha gari likiwa limeegeshwa. Matokeo yake huonekana asubuhi moja ya baridi huko Limuru, au usiku katikati ya Voi na Mtito Andei.

Kipimo chake ni rahisi. Geuza mita iwe kwenye volti za umeme wa kugeuka, ule wa AC, iguse ncha mbili za betri injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Alteneta nzima huonyesha chini ya volti 0.1. Ikipita 0.5, mpelekee fundi wa alteneta, wala si fundi wa redio.

Kuna mtindo mmoja wa gereji zetu ambao hauna budi kukemewa. Fundi huwasha injini, akang'oa terminali ya betri, na injini isipozima hutangaza kwamba alteneta ni nzima. Jaribio hilo lilikuwa la magari ya zamani yasiyokuwa na kompyuta. Betri inapong'olewa ghafla, alteneta hurusha volti nyingi kupita kiasi kwa muda mfupi, kwani kimeondoka kile kilichokuwa kikizimeza. Kompyuta ya injini, redio na dayodi zenyewe zaweza kuungua papo hapo. Mita hutoa jibu lilelile bila hatari yoyote.

La mwisho kwa uzito si la mwisho kwa umuhimu, nalo ni moto. Waya wa chanya unaokwenda kwa amplifaya unatoka moja kwa moja kwenye betri, ukapitia ukuta wa injini na chini ya zulia. Ukichubuka ukagusa bati, betri itamwaga mamia ya ampea ndani yake, na zulia litashika moto kabla dereva hajajua kinachonuka. Kinachozuia hilo ni fyuzi, nayo yapaswa kuwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu fyuzi iliyo kwenye amplifaya hailindi waya ulio kabla yake. Palipo na tundu kwenye ukuta wa injini pawekwe mpira. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 40 isipewe waya mwembamba; waya wa shaba wa milimita mraba 16 hutosha kwa urefu wa gari dogo. Fyuzi ikiungua mara kwa mara, anayeweka kubwa zaidi au kuifunga kwa karatasi ya pakiti ya sigara amemwondoa mlinzi mlangoni.

Waya wenyewe uchunguzwe kabla ya kununuliwa. Madukani, Luthuli Avenue ikiwemo, huuzwa nyaya nene za kupendeza ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba halisi ya unene huohuo. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Yaweza kutumika, lakini iwe nene zaidi, na bei isiwe ya shaba.

Kuhusu vile vijisanduku vya kuchuja kelele vinavyofungwa kwenye waya wa umeme wa redio, vinasaidia pale ambapo kelele zinaingia kwa njia ya umeme wenyewe, na hilo hujulikana baada ya vipimo vilivyotajwa. Kelele zikiwa zinaingia kupitia ethi, kijisanduku hicho hakina kazi yoyote.

Wakazi wa Mombasa, Kilifi, Lamu na kwingineko Pwani wana kazi ya ziada. Hewa yenye chumvi hula bati lililokwanguliwa kwa haraka, na ethi iliyokuwa ikipima volti 0.05 mwezi Januari yaweza kuwa imefika 0.3 kabla ya mwaka kuisha. Baada ya kukaza bolti, pakwe grisi juu yake, na kila mwaka ifunguliwe, isuguliwe kwa msasa na kukazwa upya. Ethi kubwa ya betri na ule waya unaounganisha injini na bodi zifanyiwe vivyo hivyo, kwani mluzi wa redio mara nyingine huanzia huko mbele, ingawa amplifaya iko nyuma.